Mgeni wa Siku Nne

Ndugu msomaji, umewahi kumdanganya mama yako mzazi ukiwa juu ya maji? Mimi nimewahi. Ilikuwa Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2024, saa moja na robo asubuhi. Boti ilikuwa imeshatoka bandarini Dar es Salaam, imeipita Feri, inaanza kukutana na mawimbi ya nje. Simu ikalia. Mama, kutoka Same.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona kuna kelele hivyo?"

"Ni mashine za hapa kazini, mama."

"Kazini Ijumaa Kuu?"

"Kuna kazi ya haraka."

"Haya baba. Mungu akutie nguvu. Usisahau kula."

Akakata. Nikabaki nimeishika ile simu kama mtu aliyeokota kitu cha wizi. Kiti cha pembeni mshikaji mmoja aliyevaa kofia ya majani alikuwa anajipiga picha, anacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimetoka kuibatiza injini ya boti ikawa mashine ya kiwanda cha uchapaji, na hata Chumbe hatujaiona.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo mama alikuwa ameniomba mabati sita. Upepo ulikuwa umeezua upande mmoja wa jiko lake, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Nilimjibu, "Mama, mwezi huu umenibana." Huo haukuwa uongo kamili. Mwezi ulikuwa umebana kweli, maana nilikuwa nimeubana mimi mwenyewe. Tangu Novemba nilikuwa naweka kidogo kidogo ndani ya bahasha, fedha za kusahihisha chapa za vitabu vya watoto wa shule, ili Pasaka hiyo na mimi nivuke maji. Siku nne: Ijumaa Kuu, Jumamosi, Pasaka yenyewe, Jumatatu ya Pasaka. Mwajiri hawezi kukudai siku hizo. Ni kama umepewa nchi ndogo ya kwako, yenye siku nne tu.

Kiswahili kina neno moja fupi la hatari sana: sina. Ukilichunguza utakuta mara nyingi halimaanishi kwamba kitu hakipo. Linamaanisha kipo, ila si chako. Mimi nilikuwa na bahasha. Mama nilimwambia sina. Swali ninalotaka tulichokonoe hapa, wewe na mimi, si kama nilifanya dhambi. Hilo padri wangu atalimaliza. Swali ni hili: mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida na ukoo wa kawaida, ana haki ya kwenda kupumzika ng'ambo ilhali nyumbani kuna jiko linavuja? Na kama anayo, mbona basi anaificha?

Najua tayari wapo wanaosema, "Huyu naye, Zanzibar ndiyo ng'ambo? Si ndani ya nchi moja?" Naam, nchi ni moja tangu tarehe 26 Aprili 1964. Lakini muulize aliyezaliwa milimani Upare, kama ni ng'ambo au si ng'ambo, siku anapotapika kwenye mfuko wa plastiki katikati ya maji. Na ukishuka upande wa pili unapita dirishani na kitambulisho mkononi, unatazamwa, unaambiwa karibu. Ukikaribishwa namna ile, ujue umefika kwa watu.

Kwanza nililazimika kuamua mimi ni nani katika safari hiyo. Wazee wetu walisafiri sana, lakini safari zao zilikuwa na jina: mtu anakwenda kuoa, anakwenda kuzika, anakwenda kutafuta dawa, anakwenda kudai ng'ombe wake. Asiye na jambo la kumpeleka alisema anakwenda kutembea, na kutembea kulimaanisha kuna mtu unakwenda kumwona. Shaaban Robert alizunguka kwa sababu alikuwa karani wa forodha, akahamishwa. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyomlipia nauli, haikumuuliza kama amechoka. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliyavuka maji akiwa kijana kwa sababu baada ya Mapinduzi ya 1964 mambo kwao yalikuwa magumu, naye hakuwa na tiketi ya kurudi Jumatatu. Mimi je? Mimi sikuwa na mgonjwa, sikuwa na harusi, sikuwa na deni la kudai. Nilikuwa na tiketi ya kwenda na kurudi na suruali mbili fupi. Neno lipo, utalii, lakini tukilitamka tunamwona Mzungu mwenye mkoba mgongoni. Niliposhuka bandarini na vijana wakaanza kuniita "bosi, teksi, bosi, hoteli," nilitazama nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Wenzangu waandishi chipukizi wana kisingizio cha tayari, na mimi nilikibeba mfukoni: mwandishi lazima atembee aone. Niliambiwa hivyo na rafiki yangu wa kazini: "Wewe mwandishi gani hujafika hata Zanzibar?" Maneno hayo yanauma. Lakini tuseme ukweli. Kant, Mjerumani yule wa falsafa, alifundisha jiografia ya dunia kwa miaka mingi bila kwenda mbali na mji wake wa Königsberg. Na mimi namjua jamaa aliyekwenda Dubai mara tatu, akirudi anasimulia bei za viatu. Kutembea hakumfanyi mtu aone, kunamweka tu mahali ambapo angeweza kuona kama angetaka. Kisingizio cha uandishi nikakitupa baharini, kwa kuwa bahasha ile sikuijaza ili niandike. Niliijaza kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka mpaka nikawa nasoma sentensi moja mara nne na siioni herufi iliyokosewa.

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, aliandika insha iliyowakosesha usingizi watu wengi wenye fedha. Anasema hivi kwa ufupi: ukipita kando ya kidimbwi ukaona mtoto anazama, utaingia majini hata kama nguo zako zitachafuka, na asiyeingia tutamlaani. Sasa, anauliza, kuna tofauti gani kama mtoto yuko mbali, nawe unaweza kumwokoa kwa gharama ya hizo nguo? Umbali si hoja. Kila shilingi ya anasa ni mtoto ulioacha azame.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilishtuka. Mara ya pili nikacheka kidogo. Huyu bwana anawaandikia watu ambao kidimbwi kiko mbali nao, wanahitaji falsafa ili wakione. Sisi kidimbwi kinatupigia simu. Kinajua jina letu la utotoni, kinajua tarehe ya mshahara. Leo ni ada ya mdogo wangu, kesho ni msiba wa baba mdogo, keshokutwa shangazi ana presha. Kijana wa mjini mwenye kazi, hata kama kazi yenyewe ni ya kubahatisha, ni daktari, benki na bima ya watu kumi na wawili. Yeye hahitaji kuambiwa kwamba anasa yake ni shida ya mtu, kwa sababu huyo mtu anamjua kwa sura. Anachohitaji ni kuambiwa kama kuna mahali mstari unapigwa, kwamba mpaka hapa nimetoa, na hiki kilichobaki ni changu bila aibu. Singer hapigi mstari, au anaupiga mbali mno, karibu na pale ambapo mtoaji naye anaanza kuzama. Na aliyezama hamwokoi mtu. Hiyo si falsafa, mvuvi yeyote atakwambia.

Kwa hiyo nilivuka nikiwa na hoja yangu safi kabisa: kisima kisichoachwa kujaa kinakauka, mimi ni kisima, nakwenda kujaa. Nzuri, eeh? Hoja hiyo ilidumu mpaka Jumamosi saa saba mchana.

Kabla sijafika hapo niseme jambo la mjini. Mji wa Zanzibar una sehemu inayoitwa Ng'ambo. Zamani mkono wa bahari uliingia ndani ukautenga Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe, na upande wa pili walikokaa watu wa kipato cha chini, wengi wao Waafrika. Maji yale yalikwishafukiwa zamani, pamebaki jina la Darajani na barabara inayopita hapo. Ukivuka barabara umefika Ng'ambo, na ndani yake Michenzani, yale magorofa marefu ya ghorofa nyingi yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mtalii haendi Ng'ambo. Mtalii anavuka bahari nzima, lakini ile barabara haivuki. Mimi nilivuka, si kwa ushujaa, nilikuwa natafuta daladala ya kwenda Jambiani. Nikaona nguo zimeanikwa kwenye roshani, watoto wanapigana mpira, mama anapepeta mchele. Nikajisikia nimefika Keko. Na, naomba unisamehe, nilijisikia nimepunjwa. Nilikuwa nimelipa nauli ili nisione Keko kwa siku nne.

Ilikuwa Ramadhani. Pasaka ya mwaka ule iliangukia katikati ya mwezi mtukufu, kama zile mbili zilizotangulia, 2022 na 2023. Unguja mchana wa Ramadhani huli hadharani, wala hunywi. Migahawa ya wenyeji imefungwa mpaka magharibi. Hoteli za wageni zinapika kama kawaida, nyuma ya mapazia. Sisi wa Bara tuliokwenda kuponda raha tulikuwa tunanyemelea chips kama wezi wa kuku. Mwenzangu mmoja kwenye nyumba ya wageni alilalamika kwamba "wamemharibia sikukuu." Nilimtazama nikaona aibu, halafu nikakumbuka kwamba na mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa soda chooni.

Jumamosi saa saba mchana maji yalikuwa yamekupwa. Pwani ya mashariki ya Unguja bahari ikikupwa inaondoka kabisa, unaweza kutembea mbali sana juu ya mchanga na mwani mpaka nyumba zinakuwa ndogo nyuma yako. Bamvua la mbalamwezi lilikuwa linaisha, na akina mama walikuwa wanamalizia kazi zao kwenye mashamba ya mwani. Shamba lenyewe ni vijiti vilivyosimikwa mchangani, kati yake kamba, na kwenye kila kamba vimefungwa vichipukizi vya mwani, kimoja kimoja, kwa mkono. Vinakaa majini wiki sita hivi, vinavunwa, vinabebwa, vinaanikwa. Kilo saba nane mbichi zikikauka zinakuwa moja. Ulimaji huu umekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1980, na kazi karibu yote ni ya wanawake. Mwani huo unasafirishwa nje unakotengenezwa ule ute unaotiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Siku hizi maji ya ufukweni yamezidi joto, na ile aina yenye bei nzuri inakufa.

Mama mmoja, umri wake kama wa mama yangu, alikuwa ameinama anafunga vichipukizi. Kanga moja kichwani, moja kiunoni, maji mpaka magotini, jua la utosini, na amefunga. Nikasogea na simu yangu nimpige picha. Hakuniangalia. Akasema tu, "Angalia kamba, mwanangu, utaikata."

Nikarudi nyuma nimeona haya. Nikamwamkia. Akaitikia, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Dar, lakini kwetu ni Same.

"Mamio yupo hai?"

"Yupo, mama."

"Mwenda lini kumwona?"

Nikasema labda Desemba. Akaendelea kufunga. Halafu akaniuliza chumba ninacholala ni shilingi ngapi kwa usiku. Nikamtajia nusu ya bei. Wa pili huo, ndani ya siku mbili, kwa mama wa pili. Yeye akanitajia bei ya kilo moja ya mwani mkavu. Ilikuwa fedha ambayo pale nilipolala isingekununulia chupa kubwa ya maji. Hakulalamika, bwana, usije ukadhani alilalamika. Alikuwa anazungumza tu kama watu wanaofanya kazi wanavyozungumza, kubadilishana bei.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nilidhani ni la maana. Nikamwambia, "Nikusaidie, mama, nami nifunge kidogo."

Akacheka. Kicheko chema kabisa. "Wewe ushalipa. Nenda kapumzike."

Nimelitafakari jibu lile kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huo. Wote tunajua methali ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Watu huisema kwa mzaha, ya kumfukuza mgeni asiyeondoka. Mimi naona ni methali ya heshima. Jembe ndilo linalomtoa mtu kwenye ugeni. Anayepewa jembe ameambiwa, sasa wewe ni wa hapa, njaa yetu ni yako na shamba letu ni lako. Mtalii anakaa siku nne, saba, kumi na nne, na jembe halimfikii kamwe. Amelinunua jembe lake lisije. Ile bei ya chumba, ukiichambua vizuri, si ya kitanda na chandarua tu. Ndani yake kuna ada ya kuachwa ulivyo: usiulizwe, usitumwe, usidaiwe, hata ukiomba kusaidia uambiwe ushalipa.

Jamaica Kincaid, mwandishi wa Antigua, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1988, A Small Place, anamshambulia mtalii bila huruma. Lakini ndani ya ghadhabu yake kuna jambo la upole: kwamba kila mwenyeji wa kila mahali naye angependa kwenda kutembea, kupumzika na maisha yake, ila wengi hawana uwezo, na ndiyo sababu wanamwonea mtalii wivu. Hapo ndipo hesabu yangu ilipokuwa ngumu. Mimi nilikuwa mwenyeji aliyepata uwezo, kwa bahasha ya miezi mitano. Kwa Kincaid mtalii na mwenyeji ni watu wawili, wana rangi mbili. Pale Jambiani walikuwa wawili ndani ya suruali fupi moja. Yule mama wa mwani alikuwa mama yangu kabisa, tofauti ni kwamba huyu ameinama baharini na yule ameinama kwenye shamba la mpunga, na mimi mbele ya wote wawili nimesimama nimeshika simu, nimelipa.

Usiku ule mvua ilinyesha. Ilianza kama saa nne, ikaongezeka. Paa la makuti lina sauti laini, unasikia kama mtu anapepeta mtama. Lilinibembeleza kwa dakika kumi. Halafu nikaanza kusikia mvua nyingine, ile ya Same, inayopiga kwenye sufuria zilizopangwa jikoni. Sikujua kama Same kulikuwa kunanyesha usiku ule. Lakini mwaka ule mvua hazikuwa za mchezo, mvua za El Nino. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekwisha kufa kwa mafuriko na maporomoko nchini. Siku ile ya Jumamosi hatukuyajua hayo. Nilijua tu mabati sita.

Asubuhi ya Pasaka nikarudi mjini mapema nikasali. Kanisa la Kianglikana la Mkunazini limejengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, yule yule aliyeandika kitabu cha kufundisha Kiswahili cha Unguja. Getini kijana mmoja akanitazama, suruali fupi, kamera ya simu, akaniuliza kwa adabu: "Unasali au unatembea?"

Nikasimama. Maana anayesali anapita, anayetembea anakata tiketi. Nikasema nasali. Nikaingia, nikasali kweli, lakini katikati ya wimbo nikajikuta nahesabu nguzo, natafuta mahali wanapoonyeshwa watalii. Mpaka leo sijui nilimjibu yule kijana ukweli au uongo. Pengine lilikuwa swali la safari yangu yote na halikuwa na jibu moja.

Nisije nikakupotosha, ndugu msomaji, ukadhani nilikaa siku nne nikijipiga kifua. La hasha! Nilifurahi. Jumapili usiku, baada ya futari, Forodhani kulijaa watu: wenyeji waliofungua, wageni, watoto wanaojirusha baharini kutoka ukutani wakipiga kelele. Nilikula pweza, nikanywa maji ya miwa, nikaongea na mzee mmoja kuhusu Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, akaniambia sauti yake siku ile ilikuwa kama meli imepanda nchi kavu. Nililala saa kumi mfululizo. Jumatatu nilipoamka nilikuwa nasikia harufu za vitu. Kama hujawahi kuchoka mpaka ukaacha kusikia harufu, huwezi kujua hiyo ni zawadi gani. Sitaki mtu yeyote aniambie kwamba furaha ile ilikuwa ya wizi. Jiko la mama lilikuwa linavuja na pweza alikuwa mtamu. Yote mawili ni kweli na hakuna linalolifuta lingine.

Basi kosa langu lilikuwa wapi? Wahubiri wa "ponda mali kufa kwaja" watasema hapakuwa na kosa, na wale wengine watasema kosa ni nauli. Mimi nadhani wote wanakosea. Nimerudi mara nyingi kwenye ile simu ya juu ya maji. Nilijipa sababu wakati ule: mama anaogopa bahari. Ni kweli anaogopa. Aliisikia redioni habari ya MV Spice Islander Septemba 2011, na ile ya MV Skagit Julai 2012 iliyotoka hapo hapo Dar kwenda Unguja, na mara zote mbili alinipigia simu kuhakikisha sipo humo. Kwa hiyo, nikajiambia, namficha ili asihangaike. Uongo wa huruma. Lakini huruma gani inayomfaa msemaji kiasi hicho?

Ukweli ni kwamba nilimficha kwa sababu nilikuwa nimeshamgeuza mdai. Moyoni mwangu mama hakuwa tena mtu anayeweza kufurahi kwamba mwanawe amepumzika. Alikuwa mabati sita yenye sauti. Nilimnyima mabati, sawa, hilo lina mjadala. Anayetoa kila mwezi anaweza siku moja kusema hapana. Lakini "hapana, mama, nakwenda kupumzika" ni sentensi inayomwachia mama kazi ya kufanya: anaweza kukasirika, anaweza kunisuta, anaweza kunibariki. "Sina" haimwachii chochote. Nililipa na huku pia ili nisipewe jembe, malipo yake yakawa uongo. Na anayemwona mama yake kama mdai tu, hata angetuma mabati mia, bado anamlipa tu.

Nasema hivi na najua wapo akina mama wengine, na ndugu wengine, ambao ukiwaambia ukweli huo watakutangaza ukoo mzima. Simlaumu anayeficha kwa ndugu wa namna hiyo. Naongea juu ya mama yangu mimi.

Jumatatu jioni, boti iliporudi, nilikaa kwenye ukuta karibu na Feri nikampigia.

"Mama, Ijumaa sikuwa kazini. Nilikuwa kwenye boti. Nilikwenda Zanzibar."

Kimya. Nikasikia kuku wanaingia bandani huko kwake.

"Nilijua si mashine," akasema. "Mashine hailii hivyo. Ulikwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na kanisani?"

"Nilisali, mama."

Kimya tena. Mama yangu ana miaka sitini na tisa. Amefika Moshi, amefika Tanga mjini mara moja usiku, akalazwa hospitali, akarudishwa usiku. Bahari hajaiona.

"Kwani yakoje hayo maji?" akauliza. "Yanatulia, au yanakwenda tu kama mto?"

Nikamweleza. Nikamwambia yanavyoondoka mchana mpaka unaweza kulima ndani yake, na akina mama wanalima. Hakuamini. Akaniuliza wanapanda nini, wanafunga na nini, nani anachukua fedha. Nikamweleza mpaka salio likaisha.

Mabati niliyatuma mwisho wa Aprili. Yalikuwa manne.